Dada Aliyezikwa Sura ya Tisa
Sehemu ya kumi na mbili

Mkono ulioinuka wiki iliyopita nyuma ya ukumbi wa maktaba haukushuka, ndugu msomaji. Ulibaki juu vilevile, mkono mwembamba wa mwanamke wa makamo, na mwenye mkono alikuwa ameshasema alichosema:

"Dada uliyemzika sura ya tisa ni mimi. Na kama unavyoniona, bado napumua."

Hata kipaza sauti, kilichokuwa kikipiga filimbi tangu tamasha lianze, kilifunga mdomo.

Kimya alisimama mbele ya meza ya vitabu, riwaya yake mwenyewe mkononi, kidole kikiwa bado juu ya mstari aliouachia njiani. Aliyechelewa kujiunga nasi na amjue: ni fundi cherehani, binti wa fundi cherehani, aliyepewa jina hilo utotoni kwa sababu ukimuuliza jambo leo atakujibu kesho. Riwaya yake, *Dada Hakurudi*, ndiyo iliyomtoa kwenye cherehani na kumzungusha matamasha ya vitabu, leo shuleni, kesho maktaba. Na kila alikokwenda alisoma sura moja tu, ya tisa, ambamo dada aliyewatoroka wazazi anakufa peke yake katika chumba cha kupanga na kuzikwa na watu wasiomjua.

Mchapishaji ndiye aliyemshauri. "Soma ile ya mazishi. Watu wakilia, hununua."

Leo nusu ya ukumbi ilikuwa imeshatoa leso.

"Samahani sana, mama," alisema mkutubi, mwanamume mnene mwenye upole mwingi, akijaribu kucheka. "Maswali yatakuja baadaye. Halafu hiki ni kitabu cha kubuni. Wahusika wote ni wa..."

"Mhusika ana kovu la pasi mkono wa kushoto. Ukurasa wa pili."

Mwanamke akapandisha mkono wa gauni lake. Kovu lilikuwepo, limechongoka kama ncha ya pasi, limeng'aa.

"Makubwa haya!" mtu akanong'ona.

"Kwa hiyo hakufa?" akauliza mzee mmoja mwenye kofia, safu ya tatu. "Mimi nimelia bure?"

"Nyamaza wewe," mkewe akamkata. "Kitabu chenyewe umeazima."

Watu wakacheka. Kimya hakucheka. Pasi ile ilikuwa inamwangukia yeye, akiwa na miaka minne, na dada ndiye aliyetanguliza mkono wake. Hilo Kimya hakuliandika. Kitabuni alisema tu kwamba kovu lilikuwepo.

"Dada," alisema.

Mkutubi akatangaza mapumziko kabla hayajamfika makubwa zaidi.

*

Walijifungia chumba cha nyuma, kati ya marundo ya magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa kamba. Kulikuwa na kiti kimoja. Wote wawili walikikataa.

"Umenenepa," alisema Kimya. Hakujua kwa nini ameanza na hilo.

"Nawe umekonda. Na umeniua. Tusisalimiane sana, basi langu linaondoka saa kumi na mbili."

"Miaka ishirini, dada!" Sauti ya Kimya ilipanda, kitu ambacho si kawaida yake. "Ulimkataa mchumba aliyekuchagulia baba, sawa. Ukaondoka, sawa. Lakini hata mstari mmoja? Mama alikuita mpaka pumzi ya mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Aliniita kwa jina lako!"

Dada akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Niliandika."

"Hukuandika."

"Barua kumi na moja, Kimya."

"Baba alisema haikuja hata..."

"Ehe! Baba alisema." Dada akachomoa kitabu kwenye mkoba wake, kimekunjwa pembe nyingi, akafungua mwanzo kabisa. "Unajua ukurasa ulioniuma? Si wa mazishi yangu. Huu hapa. 'Kwa Baba, aliyenisimulia.' Nilipousoma nikajua humu ndani sitajikuta."

Kimya aliusoma tena mstari ule. Ni kweli. Baba ndiye aliyemsimulia, jioni baada ya jioni, yeye akishona na baba akizungumza. Baba ndiye aliyekaa safu ya mbele kila aliposoma, na leo tu ndipo mguu ulipomzuia kuja.

"Baba aliapa mbele ya wajomba zetu wote kwamba barua yangu haitavuka kizingiti chake," dada akaendelea. "Ndiyo maana sikutumia posta. Unamkumbuka mzee wa karatasi?"

Nani angemsahau? Mzee wa mkokoteni, aliyekuwa akipita Jumanne kuwauzia mafundi karatasi zilizoharibika kiwanda cha uchapaji, za kuchorea vipande vya nguo kabla ya kukata. Upande mmoja zina maandishi yaliyochapwa kombo, upande wa pili ni tupu. Mama alichukua furushi zima kila alipopita.

"Kiwanda hicho ndicho kilichoniajiri," alisema dada. "Furushi la mama nililifunga mimi kwa mikono yangu. Na katikati yake nilitia barua. Nilichagua karatasi ngumu ya njano ili uitambue hata gizani."

"Mama hakujua kusoma."

"Lakini wewe ulijua! Ulikuwa na miaka kumi, ulikuwa unasoma mpaka maandishi ya kwenye maboksi ya sabuni. Nilikuandikia wewe, mdogo wangu. Barua zote zilianza na jina lako."

Kimya akavitazama viganja vyake.

Karatasi ngumu ya njano. Hakuwa anaikumbuka kwa mbali, kama mtu anavyokumbuka ndoto. Alikuwa ameishika asubuhi ileile.

"Nilikuomba kitu kimoja," dada akasema taratibu. "Kidogo. Hata mtoto anakiweza. Hukukifanya."

"Kitu gani?"

"Aliyesoma anajua."

"Dada, niambie! Nakuapia sikusoma!"

"Yaani nikutajie, kisha uniambie 'laiti ningejua'? Laiti nimeimeza miaka ishirini, imenitosha." Akatia kitabu mkobani. "Nilipata habari za msiba mama akiwa na mwezi mzima ardhini. Mwezi mzima, Kimya. Kaburi lilikuwa limeshaota majani. Nikasema basi, hawanitaki hao, hata kwenye kuzika."

"Nipe mpaka kesho. Nitazitafuta."

"Kesho nitakuwa mbali. Sikuja kupatana. Nilikuja nimwone usoni aliyenizika." Akamtazama Kimya usoni. "Nilijiandaa kukuta kiburi, nikuambie maneno yangu niondoke. Sasa mbona umechukua uso wa mama? Nani alikuambia uchukue uso wa mama?"

Kimya akanyoosha mikono. Dada akarudi nyuma.

"Basi langu hupita mbele ya nyumba yenu," alisema akiwa mlangoni. "Nimezoea kupita pale bila kushuka."

Akaondoka.

Kabla Kimya hajapata pumzi, mkutubi akaingia akitiririka jasho la furaha.

"Mwandishi! Vitabu vinakwisha mezani! Wanagombania! Wanataka umalizie sura ya tisa, na wale wa tamasha kubwa la kesho wamepiga simu. Wanasema umlete na yule mama, mkae jukwaani pamoja. Itakuwa moto!"

Kimya alimtazama kama mtu anayeongea lugha ngeni. Akaiweka *Dada Hakurudi* juu ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia, akapita mlango wa nyuma, akakimbia.

*

Saa kumi na moja na nusu alikuwa nyumbani.

Baba alikuwa barazani na redio yake, mguu juu ya kigoda.

"Walilia?" akauliza.

Kimya alimpita bila kumwamkia. Hilo halikuwa limetokea tangu azaliwe.

Chumba cha cherehani kilikuwa kama mama alivyokiacha. Cherehani chini ya dirisha linalotazama barabara. Ukutani, msumari mrefu, na kwenye msumari, karatasi za mama za kukatia: kola, mikono, mifuko, migongo ya blauzi, zimetobolewa na kuning'inizwa pamoja kama samaki.

Karatasi peke yake haidumu. Ukiipitishia chaki mara tatu inachanika. Kwa hiyo mama alizibandika kwenye vipande vya boksi kwa gundi ya unga. Ilikuwa kazi ya watu wawili. Mama anapaka gundi, Kimya anabandika na kukandamiza kwa viganja. Na mama alikuwa na sheria moja, aliyoirudia mpaka ikawa kama wimbo:

"Upande wenye maandishi unalala chini. Usigeuze, mwanangu. Unalala chini."

Kimya hakuwahi kugeuza. Alikuwa mtoto mtiifu.

Alizimwaga sakafuni. Akachagua za njano. Kola ya sare ya shule ilikuwa ya kwanza. Kola ambayo alikuwa ameikatia watoto wa mtaa mzima, miaka nenda miaka rudi. Akajaza beseni maji, akaizamisha.

Gundi ya mama haikuwa ya mchezo. Dakika tano, hakuna. Kumi, ncha ikaanza kuvimba. Kimya akaingiza ukucha, akavuta polepole, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto.

Wino wa buluu.

Ulikuwa umefifia lakini ulikuwepo, umekatwa kwa umbo la shingo: *...dogo wangu Kimya, usim...* Na chini yake: *...pasi bado linawasha wakati wa bari...*

Mwandiko wa dada. Herufi zinazoegemea kulia kama zinakimbia.

"Mungu wangu," alisema Kimya. "Nilizibandika mimi."

Ndiyo, ndugu msomaji. Mwanamke aliyesifiwa kwa kuandika jinsi dada asivyoandika alikuwa amezikandamiza barua za dada kwa viganja vyake mwenyewe, moja baada ya moja, huku akiimba.

Akatumbukiza zote. Mikono, mifuko, mikanda. Maji yakageuka uji. Maneno yakatoka vipandevipande: *nimepata chumba*, *mwambie mama nakula*, *je, bado unasoma maboksi ya sabuni*. Alilia bila sauti, kwa sababu ndivyo alivyojua kulia.

Mwisho ukabaki mgongo wa blauzi, karatasi pana kuliko zote. Aliukumbuka vizuri. Ndio uliokuwa wa mwisho mama kuubandika, akiwa ameketi kitandani, akikohoa, gundi ikidondoka kwenye shuka. Ulibanduka mzima, na barua ilikuwa nzima.

*Mdogo wangu Kimya,*

*Hii ni ya kumi na moja na sitaandika tena. Nimesikia mama anashonea kitandani. Baba sitamwomba. Nakuomba wewe kwa mara nyingine. Kila Ijumaa napanda basi la saa kumi na mbili linalopita mbele ya nyumba, nakaa dirishani upande wenu. Tundika kitambaa chekundu kwenye dirisha la cherehani. Nikikiona nitashuka, hata baba asimame mlangoni. Nimepita Ijumaa kumi. Nitapita moja tena. Nisipokiona nitajua mmeamua, na wewe sitakulaumu, wewe ni mtoto.*

Kimya aliinua kichwa kutazama saa ya ukutani.

Ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika nne.

Basi lilikuwa limeshatoka kituoni.

*

Kitambaa chekundu! Nyumba ya fundi haikosi kitambaa, lakini jamani, siku ukikitaka! Alipekua vya wateja: buluu ya sare, nyeupe, kaki, buluu tena. Alipindua kapu la mabaki. Kijani. Nyeusi. Uzi mwekundu ulikuwepo, lakini nani ataona uzi akiwa ndani ya basi?

Ndipo macho yalipogonga nyuma ya mlango.

Gauni lake la kesho. Gauni la tamasha kubwa, jekundu, lililomchukua wiki tatu. La kwanza maishani alilojishonea yeye mwenyewe na si mteja, kwa sababu mchapishaji alisema mwandishi naye ni lazima aonekane. Lilikuwa limebaki pindo tu.

Mkasi haukusita. Ulipita kiunoni, *kra, kra, kra*, na sketi nzima ikaanguka mikononi mwake.

Akapanda juu ya meza ya cherehani. Akachomeka pembe moja kwenye msumari wa fremu. Upande wa pili haukuwa na msumari. Upepo ukaanza kukikunja kitambaa na kukirudisha ndani. Akakisukuma nje. Kikarudi.

Mbali, kwenye mteremko, honi ya basi ikalia.

"Nani kakufundisha kutundika hicho hapo?"

Baba alikuwa mlangoni, kaegemea fimbo. Alikuwa ameliona beseni. Alikuwa ameziona karatasi za njano zilizotandazwa sakafuni, zinavuja maji.

"Dada," alisema Kimya.

Redio iliendelea kuongea peke yake barazani.

"Hilo," alisema mzee, "ndilo jibu alilonipa mama yako nilipomuuliza hivyohivyo."

Kimya aliachia kitambaa.

"Mama? Baba, mama hakujua kusoma!"

"Mzee wa karatasi alijua." Baba alikuwa anaongea na sakafu. "Mama yako aliniambia siku hiyo kwamba alimsomea zote, pale dirishani, mimi nikiwa kazini. Mama yako akazibandika ili nisizione. Miezi yote ile nilidhani anashona tu."

*Unalala chini, mwanangu. Usigeuze.* Kumbe haikuwa sheria ya ufundi. Ilikuwa sanduku. Mama hakuwa amezipoteza barua za binti yake. Alikuwa amezificha mahali ambapo angezishika kila siku, na hakuwa na namna nyingine ya kuzisoma.

"Na kitambaa?" Kimya aliuliza, ingawa moyo wake ulikuwa unamsihi asiulize.

"Ijumaa ya mwisho. Alijikokota kutoka kitandani. Hata leo sijui nguvu aliitoa wapi. Kilikuwa kipande chekundu cha bitana ya koti, kidogo hivi." Mzee akaonyesha kwa vidole. "Nilikishusha kabla basi halijapinda kona. Nilikuwa nimeapa, Kimya. Nimeapa mbele ya watu."

"Na mama?"

"Aligeukia ukutani. Hakuniita tena kwa jina mpaka alipokufa."

Kimya alitaka kupiga kelele. Alitaka kumuuliza kuhusu zile jioni zote, cherehani ikienda na yeye akisimulia: dada yako hakuandika, dada yako alisahau. Alitaka kumuuliza alikuwa akilia nini safu ya mbele, sura ya tisa, mbele ya ukumbi mzima, leso mkononi.

Lakini taa za basi zilikuwa zimeshaingia barabarani.

Lilipinda kona polepole, limejaa. Dirisha la tatu, upande wa nyumba, uso wa mwanamke ulikuwa umeegemea kioo. Haukuwa unatafuta kitu. Ulikuwa uso wa mtu anayepita.

Na kitambaa kilikuwa kimejikunja ndani.

"Dada!" Kimya akapiga kelele, aliyeitwa Kimya miaka thelathini. Sauti haikufika popote. Akainama kukishika, mguu ukateleza juu ya meza, akaangukia beseni, katikati ya barua zote kumi na moja.

Alipoinua macho, fimbo ya baba ilikuwa sakafuni. Mzee alikuwa ameshafika dirishani kwa miguu yake mwenyewe, ule mgonjwa na ule mzima.

"Baba, usikiguse!"

Mkono wa mzee ukakamata pembe ya kitambaa, ukaitoa nje.

Nje, breki zikalia.